Namna ya Kutazama Matoleo Marefu ya The Lord of the Rings Ukiwa Nyumbani Mwanza

Mtu aliyezoea banda la video, ambako filamu huanza saa mbili usiku na kwisha kabla watu hawajaanza kupiga miayo, hushangaa akisikia kwamba wapo wanaotoa fedha zao ili filamu ambayo tayari ni ndefu irefushwe tena. Filamu tatu za Peter Jackson, zilizotoka katika majumba ya sinema mwaka 2001, 2002 na 2003, zilikuwa na dakika 178, 179 na 201. Matoleo marefu ya kutazamia nyumbani, ambayo la kwanza lilitoka kwa DVD Novemba 2002, yana dakika 208, 223 na 251, yaani saa 11 na dakika 22 kwa jumla. Nimeyatazama mara kadhaa sebuleni kwangu Pasiansi, na ninaamini kwamba anayechoshwa nayo mara nyingi ameyatazama kwa namna isiyofaa. Dakika zilizoongezwa si makombo yaliyookotwa chini ya meza ya mhariri. Nyingi zinaeleza kwa nini mhusika anatenda anavyotenda, na mtazamaji aliyesinzia au aliyetoka kwenda kununua vocha hazioni.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba ulicho nacho ni toleo refu kweli. Mimi niliwahi kuwekewa filamu ya tatu kwenye flashi katika duka moja la mjini, nikaambiwa kwa kiapo kwamba ni ile ndefu. Nilipofika nyumbani nikakuta ni ile ya sinema, tena imekatwa vipande viwili na kipande cha pili hakikuwemo. Sababu ya kukatwa niliielewa baadaye. Flashi nyingi hupangiliwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4, na filamu ya saa nne yenye picha safi hupita hapo kwa urahisi. Tangu siku hiyo natumia diski halisi, na ninakushauri nawe ufanye hivyo ikiwa una ndugu anayeweza kukuletea akitoka safari.

Ukiagiza, mwambie aangalie kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa. Tanzania iko katika kanda namba 5 ya DVD, kwa hiyo diski ya Marekani, ambayo ni kanda namba 1, inaweza kukataliwa na deki yako, na hata ya Uingereza, ambayo ni namba 2, huhitaji deki inayosoma kanda zote. Kwa Blu-ray mambo ni mepesi zaidi, maana Afrika na Ulaya ziko pamoja katika kanda B. Kasha la 4K lililotoka mwaka 2020 lina matoleo yote mawili, fupi na refu, na kwa mwenye televisheni ya kulifaa sioni sababu ya kutafuta jingine. Diski ikishaingia, tazama muda unaoonyeshwa, ukijumlisha diski zote za filamu hiyo, kabla ya kuwaita watu. Usishtuke ukikuta DVD ya Ulaya inaonyesha dakika kama 200 kwa filamu ya kwanza badala ya 208: DVD hizo huendeshwa kwa picha 25 kwa sekunde badala ya 24, na filamu nzima hupungua kwa asilimia nne bila tukio lolote kuondolewa.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni kama mtu ambaye hajawahi kuziona aanze na zipi. Kwa filamu ya kwanza na ya tatu namwambia aanze na za sinema, kwa sababu zinakwenda kwa mwendo uliopimwa vizuri na hadithi inashikika. Filamu ya pili ni kesi tofauti kabisa; hiyo namwambia aanze moja kwa moja na toleo refu, hata kama ndiyo mara yake ya kwanza.

Nitaeleza kwa mfano. Shangazi yangu alikuja kutoka Ukerewe kwa matibabu, akakaa kwetu wiki mbili, na jioni moja tukamwekea filamu ya pili katika toleo la sinema. Alipomwona Faramir, nahodha wa Gondor, akiwakamata Frodo na Sam, wale wasafiri wadogo wenye pete ya uovu inayopaswa kuharibiwa, na kuwaburuta hadi mji wa Osgiliath, alikunja uso akauliza, "Huyu naye ametokea wapi? Mbona anawaonea watoto wadogo hivi?" Nikajaribu kumweleza kwamba si watoto, ni watu wazima wa kimo kifupi, lakini lililomkera halikuwa kimo chao. Kwake Faramir alikuwa mkorofi asiye na sababu. Juma lililofuata nikamwekea toleo refu bila kumwambia kwamba kuna tofauti. Humo Faramir anamkumbuka kaka yake, Boromir, siku waliyoukomboa mji ule. Wanacheka, wanagonga vikombe, kisha baba yao Denethor anaingia, na furaha inakauka papo hapo. Mzee yule anamkumbatia mkubwa, anambeza mdogo mbele yake, kisha anamtuma mkubwa Rivendell akamletee pete ile. Tukio zima ni la dakika chache tu. Shangazi alinyamaza, akaweka chini kikombe chake cha chai, akasema, "Kumbe baba yake ndiye tatizo. Mtoto anatafuta kusifiwa." Tangu hapo hakumlaumu tena Faramir, na kifo cha Boromir, alichokuwa amekiona katika filamu ya kwanza, alianza kukizungumzia kama msiba wa nyumba anayoifahamu.

Kwa hiyo, unapotazama, fuatilia vitu vinavyopita kutoka filamu moja hadi nyingine. Katika toleo refu la filamu ya kwanza, Galadriel, bibi mtawala wa Elves, anawagawia wasafiri zawadi mmoja baada ya mwingine, na Sam anapewa kamba. Mwanzoni mwa toleo refu la filamu ya pili, Sam na Frodo wanashuka jabali kwa kamba hiyo; wakishafika chini, Sam anasikitika kuiacha juu, anaivuta, nayo inajifungua yenyewe. Baadaye kidogo kamba hiyohiyo inamuunguza shingoni Gollum, kiumbe anayeitamani pete. Aliyeona toleo la sinema huona kamba tu. Gimli, mbilikimo aliye kati ya wasafiri, naye aliomba unywele mmoja wa Galadriel, akapewa mitatu, na ukishajua hilo utamsikiliza kwa sikio jingine kila anapotaja jina la bibi yule.

Mfano wa tatu ni Saruman. Katika filamu ya tatu ya sinema, mchawi huyu aliyetusumbua kwa filamu mbili anaachwa ndani ya mnara wake na haonekani tena, jambo ambalo Christopher Lee, aliyemwigiza, hakuficha kwamba lilimuudhi. Toleo refu linatuonyesha mwisho wake. Hata hivyo, sitasema kila kilichorudishwa kilistahili kurudi: mafuvu yanayoporomoka kama mchanga wa machimbo katika njia ya wafu yangebaki yalikokuwa.

Usijaribu kumaliza filamu moja kwa kikao kimoja, isipokuwa kama wewe ni kijana na kesho yake ni Jumapili. Kwenye DVD na Blu-ray kila filamu imegawanywa katika diski mbili, na mgawanyo wa filamu ya kwanza umefanywa kwa akili: diski ya kwanza inakoma pale kundi la wasafiri tisa linapopata jina lake. Anza saa moja usiku, baada ya kula, simama hapo, endelea kesho. Sato na ugali viliwe kabla, maana mtu anayechambua miiba gizani hatazami chochote.

Umeme si wa kuogopa sana kwa upande wa matumizi; televisheni ya wati 100 kwa saa nne hula uniti 0.4 tu, ukiongeza sabufa bado hufiki uniti moja. Angalia LUKU mapema, basi. Kinachosumbua zaidi hapa kwetu ni mvua juu ya bati, ambayo ikianza husikii neno hata moja la waigizaji, kwa hiyo washa maandishi ya chini tangu mwanzo hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Zile jioni ambazo wadudu wa ziwani wanapanda kama moshi, zima taa ya barazani na ufunge madirisha ya upande wa ziwa, la sivyo watajaa kwenye kioo cha televisheni, na vita vya ngome ya Helm's Deep, katika filamu ya pili, vitakuwa na jeshi la tatu.

Ukimaliza filamu usirudishe diski kabatini. DVD za toleo refu zina diski nne kila moja, na mbili za mwisho zinaeleza jinsi kazi ilivyofanyika huko New Zealand. Mafundi wanaonekana wakikata mabomba ya plastiki kuwa pete na kuziunganisha kwa mkono, pete kwa pete, kutengeneza mavazi ya vita. Aliyewahi kukaa mwaloni Kirumba akitazama watu wakiziba nyavu ataitambua subira ile mara moja. Kuna pia sauti nne za maelezo kwa kila filamu, za waandishi na mwongozaji, za wabunifu, za watayarishaji, na za waigizaji; anza na za waigizaji, wanachekesha.

Mwisho wa kila filamu, baada ya majina ya waliofanya kazi, hupita majina ya wanachama wa klabu ya mashabiki. Yakihesabiwa, urefu hufika dakika 228, 235 na 263, na kwa filamu ya kwanza peke yake ni kama dakika ishirini za majina yaliyosindikizwa na muziki wa Howard Shore. Wakati huo unaweza kuwasha taa ya barazani na kuwasindikiza wageni hadi barabarani. Ukirudi, utakuta bado yanapita.