Jinsi ya kudizaini apu ya benki kwa sprinti, na mbona uanze na ile skrini kila mtu anaikimbia

Wacha nianze na kitu ilinifanyikia mwenyewe. Nilikuwa soko la Gikomba hapa Nairobi asubuhi mapema, nimechagua viatu, tumeelewana na jamaa 1,800, nikasema leo nitumie apu ya benki yangu (jina sitaji), nikaweka nambari yake, nikafinya tuma, kile kiduara kikaanza kuzunguka, kikazunguka weee, alafu ikaandika "Hitilafu imetokea. Jaribu tena." Na mimi kama mtoto mtiifu nikajaribu tena. Dakika tatu hivi, meseji mbili zikaingia kwa simu ya jamaa zikifuatana, 1,800 na 1,800. Bahati alikuwa mtu wa Mungu, akanirudishia ile ya pili, lakini makato nilikula mimi.

Kinachoniuma ni kwamba hii ndio kazi yangu, kwa hivyo nilijua palepale chenye kilitendeka. Ombi la kwanza lilifika kwa sava (kompyuta ya benki) vizuri tu, ni jibu ndio lilipotelea njiani, na apu ikaamua kwamba kukosa jibu ni sawa na kukataliwa. Na najua pia vile ilipita ofisini: dizaina alichora njia ile nzuri, ya netwaki safi na salio la kutosha, demo ikapigiwa makofi, sprinti (awamu fupi ya kazi, kwetu wiki mbili) ikafungwa, na ile tiketi ya "netwaki ikipotea katikati" ikasukumwa kwa baklogi, ile orodha ya kazi zinazongoja, na neno "baadaye". Baadaye ya baklogi munaijua.

Kwa hivyo kama umepewa kazi ya kudizaini apu ya benki kwa timu inayofanya ajaili, yani kujenga kidogo kidogo na kurekebisha njiani, hivi ndivyo mimi hufanya siku hizi.

Kabla ya sprinti ya kwanza, toka ofisini

Omba wiki mbili. Ukinyimwa omba moja, ukinyimwa hiyo pia enda lanchi ukae sana. Usiitie watu kwa chumba chenye kiyoyozi huko Westlands, wafuate mahali wanatumia pesa: kibanda, steji, duka la hadwea, saluni. Na usiwaulize "ungependa apu yetu iwe na nini", juu watu wetu wana adabu, watakuambia "iko sawa tu" na urudi na daftari tupu. Uliza "mara ya mwisho pesa ilikusumbua ulifanya nini?" alafu unyamaze. Hapo ndio utaskia stori.

Kitu moja utaona haraka sana ni meseji. M-Pesa ilianza 2007, na tangu hapo Mkenya amefundishwa kwamba meseji ndio risiti. Unaeza onyesha muuzaji skrini ya kijani yenye tiki kubwa kama sahani, atakuambia "ngoja kwanza meseji iingie." Apu yako haishindani na apu ya benki ingine, inashindana na hiyo tabia. Ukisahau hii utadizaini tiki nzuri sana ambayo hakuna mtu anaiamini.

Kata stori nyembamba, sio skrini nzima

Makosa ya kwanza ya timu nyingi ni kugawa kazi kwa skrini: sprinti ya kwanza hom (skrini ya mwanzo), ya pili kutuma, ya tatu mikopo. Ukifanya hivo miezi miwili itapita na hakuna mtu ametuma hata shilingi kumi. Chukua kitu kidogo kipite kutoka juu hadi chini, kutoka skrini hadi sava, hicho ndio tunaita stori. Mfano, "mimi kama mwenye duka nataka kutuma pesa kwa nambari moja ya simu ili nilipe mtu wa mzigo." Basi. Hakuna kuchagua kutoka kontakti, hakuna kuhifadhi, hakuna picha. Lakini iwe na mambo yote ya kuharibika: salio halitoshi, pini mbaya, netwaki imekatika, nambari haipo, sistimu imelala.

Alafu, na hapa usikubali kushawishiwa, andikeni kwa makubaliano yenu ya "kazi imeisha" kwamba stori haijaisha kama skrini zake za kuharibika hazijachorwa, hazijaandikwa maneno na hazijajaribiwa. Sisi tuliibandika ukutani kwa karatasi ya A4 juu tulichoka kubishana kila stendapu, ule mkutano mfupi wa kila siku.

Kuhusu dizaina kukaa wapi kwa sprinti: ukijaribu kuchora na kujenga kitu kimoja kwa wiki mbili zilezile, madevelopa watakungoja mpaka Jumatano na wewe utapeleka kitu mbichi. Njia ambayo imenisaidia ni ile Desirée Sy aliieleza 2007 kutoka kwa kazi yao pale Autodesk, dizaini inakimbia sprinti moja mbele na wakati huohuo inaangalia nyuma kupima chenye kimejengwa. Yani ukiwa sprinti ya nne unachora ya tano, unajibu maswali ya nne, unajaribu na watu ile ya tatu. Inachosha, sitakudanganya. Na usiende mbele zaidi ya moja ama mbili, ukichora za miezi sita basi si ajaili tena, ni ramani ya mji ambao hautajengwa.

Skrini ya kuhakikisha, hapa kaa sana

Kabla ya pini kuna skrini moja inayouliza "una hakika?" na wengi wanaichukulia kama fomaliti. Mimi huipatia muda mwingi kuliko hom. Lazima ionyeshe jina la anayepokea, sio nambari peke yake, juu hakuna mtu anakagua tarakimu kumi akiwa kwa matatu. Safaricom waliita yao Hakikisha, inakuonyesha jina kabla pesa itoke, na watu wakaizoea, ukitoa jina watu wataona kama umewafungia macho.

Kiasi kiwe kikubwa, kiwe na koma, na chini yake kiandikwe kwa maneno. 15000 na 1500 zinafanana sana kwa skrini iliyopasuka kioo, lakini "elfu kumi na tano" na "elfu moja mia tano" hazifanani hata kidogo. Tulipoweka hayo maneno, mjaribu wetu wa kwanza alisimama hapo, akasoma kwa sauti, akarudi nyuma kurekebisha sifuri moja iliyozidi. Mstari moja tu wa maandishi. Makato pia yakae hapohapo, kabla ya pini, pamoja na jumla itakayotoka, usimpatie mtu hesabu ya kufanya kichwani na foleni iko nyuma yake.

Majibu ni matatu, sio mawili

Apu nyingi zinajua "imeenda" na "imekataa". Kuna la tatu, "hatujui bado", na hilo ndilo lilinikulia pesa Gikomba. Apu ikikosa jibu isiseme imefeli, juu haijui. Iseme kitu kama: "Tumepokea ombi lako la kutuma 1,800. Bado tunangoja jibu. Usitume tena, tutakuletea meseji." Alafu kile kitufe cha kutuma kipotee kabisa, na muamala ukae juu ya hom ukiwa na alama ya kungoja, ili hata akifunga apu na kurudi aupate hapo. Ikifunguliwa tena, apu yenyewe iulize sava "ile ilifika wapi?" bila mteja kufinya kitu.

Hii huwezi fanya peke yako na Figma, ile programu ya kuchora skrini. Keti na madevelopa na ukubaliane nao kwamba kila muamala unapewa kitambulisho chake mara ile skrini ya kuhakikisha inafunguka, na ombi likienda mara mbili na kitambulisho kilekile sava ihesabu kama moja. Ndio maana nasema dizaina akuwe kwa mipango ya sprinti kutoka mwanzo, hii ni kazi ya siku kadhaa upande wa nyuma, kwa sava, ukiiomba Alhamisi jioni utaangaliwa vibaya, na ni haki yao.

Maneno

Andika vile watu wanaongea. "Hamisha fedha" haisemwi na mtu yeyote Nairobi, sema "Tuma pesa." "Muamala haukufaulu kutokana na upungufu wa fedha" inakuwa "Pesa haijatoka. Akaunti yako ina 640, unahitaji 1,829." Ona vile hiyo ya pili inajibu swali la kwanza ambalo mtu huuliza kila mara, pesa imetoka ama haijatoka? Anza na hilo jibu kila wakati, sababu ifuate. "Hitilafu imetokea" futa kabisa kwa kamusi yenu. Sheng pia usiweke, kesho itabadilika na shosh (bibi mzee) wa Kangemi ana akaunti kama wewe.

Jaribu na watu watano kila sprinti

Sio hamsini. Jakob Nielsen aliandika 2000 kwamba watu watano watakuonyesha shida nyingi, kisha unarekebisha na kujaribu tena na wengine, na kwa sprinti za wiki mbili hiyo inaingia vizuri kabisa. Mimi huchukua Jumatano nzima. Prototaipu, yani mfano wa kujaribia, inakuwa kwa simu yangu ya zamani, ile ya bei ya chini yenye kioo kimepasuka kona, sio ile mpya ya bosi. Na natafuta jua, juu kijivu chepesi juu ya nyeupe kinapendeza ofisini lakini nje hakionekani, kiwango cha kimataifa (WCAG) kinataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na rangi ya nyuma yake ya angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na ukifika soko la Muthurwa saa saba mchana utaelewa mbona.

Nampa mtu kazi, simpi maelezo. Kuna mama mmoja wa nyanya nilimwambia atume 300 kwa nambari niliyoandika kwa karatasi. Nilikuwa nimepanga prototaipu ikwame makusudi. Kiduara kikazunguka, akaniangalia.

"Sasa kijana, hii imeenda ama haijaenda?"

"Wewe unaonaje, mama?"

Hakunijibu. Aliinua simu yake mwenyewe kutoka kwa aproni, akafungua meseji, akashuka chini, akapanda juu. "Hakuna kitu imeingia. Hii yako ni ya uongo." Akanirudishia simu na kuendelea kupanga nyanya. Nilirudi ofisini na hiyo sentensi peke yake na ikapita tiketi nne kwa baklogi. Hapo ndio tuliandika ile skrini ya "tunangoja jibu", na mahali pa kusema meseji itakuja.

Ushauri wa bure: beba madevelopa wawili kwa zamu. Mtu akishaona mteja amekwama kwa macho yake hutamuomba mara mbili kurekebisha. Na lipa watu muda wao, hata kama ni mia mbili na soda, umewatoa kwa biashara.

Vitu vidogo, haraka haraka

Vitufe visiwe chini ya dp 48, dp ikiwa kipimo cha Android cha ukubwa kwa skrini, vidole vya watu wengine vimefanya kazi. Salio lifichwe mpaka mtu afinye, juu kwa matatu jirani anasoma simu yako kuliko wewe. Apu iwe nyepesi, mtu mwenye simu imejaa picha za harusi hatafuta picha ili aweke apu yako, atarudi kwa ile kodi ya kupiga, ya nyota na reli, na maisha yataendelea. Maandishi yakuzwe na mipangilio ya simu bila kuvunja skrini, jaribu hii mwenyewe leo, weka herufi kubwa kabisa uone vile kitufe cha kutuma kinazama.

Watu wa risku na usalama usiwangoje mwisho. Waite kwa demo ya sprinti ya kwanza, hata kama wataona mchoro tu, la sivyo watakuletea karatasi ya mabadiliko wiki ya kutoa. Na sheria ya kulinda data ya 2019 inataka ukusanye tu kile unahitaji, kwa hivyo kama stori ni kutuma kwa nambari moja basi apu haina haja ya kuomba kontakti zote wala lokesheni siku ya kwanza. Ikifika siku ya kuhitaji, omba wakati huo na useme ni ya nini.

Ukishatoa

Usitoe Ijumaa, na usitoe mwisho wa mwezi mishahara ikiingia. Anza na wafanyikazi wenu, alafu asilimia ndogo ya wateja, Play Store inakuruhusu kufungua polepole na kusimamisha ukiona mambo. Kisha nenda ukae kastoma kea nusu siku na hedifoni. Grafu zitakuambia watu wangapi wameacha kwa skrini ya pini, hazitakuambia mbona. Andika maneno ya wateja vile wanayasema, bila kuyasafisha. Kwa upande wetu siku ya kwanza karibu simu zote zilianza hivi: "Nimeona imeandika tunangoja, sasa nangoja mpaka saa ngapi?" Hatukuwa tumeweka muda. Tiketi ikaandikwa hapohapo, ikaingia sprinti iliyofuata, na sasa ile skrini inasema saa kamili ambayo jibu litakuwa limefika, na nambari ya kupiga kama halijafika.