Chupa nne za maji ya ziwa: namna ya kuwaonyesha wanafunzi jinsi mwani unavyoishi na uhaba

Nafundisha baiolojia Mwanza, na swali ninaloulizwa sana darasani ni hili: ikiwa tone moja la maji lina aina nyingi za mwani na zote zinagombea chakula kilekile, mbona yenye nguvu haijazimaliza nyingine? Mwanaikolojia G. Evelyn Hutchinson aliliuliza mwaka 1961. Jibu mtalitafuta wenyewe, dirishani.

Chota maji ya Ziwa Victoria, yachuje kwa kipande cha chandarua, kisha jaza lita moja moja katika chupa nne angavu. Ya kwanza iache ilivyo. Ya pili tia punje moja ya mbolea ya urea, yenye naitrojeni. Ya tatu tia unga wa TSP, mbolea yenye fosforasi, unaonasa kwenye ncha ya njiti ya kiberiti, usizidishe. Ya nne tia vyote viwili. Mbolea ya DAP haifai hapa: ina naitrojeni na fosforasi pamoja, hutajua kipi kimefanya kazi. Legeza vifuniko, weka penye mwanga lakini si juani, tikisa kila asubuhi.

Wiki ikipita, acha kutikisa siku moja, halafu tazama. Mwani uitwao Microcystis una vifuko vya hewa, hupanda juu kufuata mwanga. Diatomu, kundi jingine la mwani, zina ganda zito la silika, madini yanayofanana na kioo, huzama na kuacha ukahawia chini.

Chupa ya tatu ndiyo ninayoisubiri kwa hamu. Fosforasi ipo, naitrojeni ndiyo inayopungua. Weka tone kwenye hadubini, kuza mara 400, tafuta nyuzi kama shanga: hizo huenda ni mwani uitwao Dolichospermum. Ukiona seli chache kubwa na angavu kati ya nyingine, humo ndimo naitrojeni ya hewa inapogeuzwa kuwa chakula. Kazi hiyo hula nguvu nyingi, hivyo penye naitrojeni tele haina faida.

Hapo waeleze jaribio la mwanaikolojia David Tilman la miaka ya 1970. Alikuza diatomu mbili pamoja. Fosforasi ilipokuwa haba kwa zote, Asterionella ilishinda. Silika ilipokuwa haba, Cyclotella ilishinda. Kila moja ilipobanwa na upungufu wake, ziliishi pamoja. Kwangu mimi hili ndilo somo lenyewe: muulize mwanafunzi ni nini kimepungua, na kimempungukia nani.

Katika chupa ya nne chakula ni tele, basi kinachogombewa ni mwanga. Hesabu aina, usidanganywe na ukijani. Ziwa letu limepitia jambo la jinsi hiyo: rutuba iliongezeka, silika ikapungua, na diatomu Aulacoseira iliyotawala zamani ikawapisha diatomu Nitzschia na sianobakteria, kundi la akina Microcystis. Linaniuma, na nataka wanafunzi walijue.

Vaeni glavu, mtu asionje. Kuchemsha hakuondoi sumu ya Microcystis. Mkimaliza, mwageni maji kwenye shina la mti mbali na bustani ya mboga, wala si ziwani, na chupa zisitumike tena kwa kunywea.