Taa Hafifu za Gari la Zamani: Anza na Nyaya, Usikimbilie Balbu

Toyota Corona au Corolla ya miaka ya 1990 ikimulika kama kibatari kwenye barabara ya Masaka, wengi hukimbilia soko la vipuri la Kisekka, Kampala, kutafuta balbu ya wati 100 au ya LED. Ni pesa ya kutupa. Ya wati 100 huyeyusha plagi na kuunguza rangi ya fedha iliyo ndani ya taa. Ya LED, ikiwekwa kwenye taa iliyoundwa kwa ajili ya halojeni, mara nyingi hutawanya mwanga ovyo na kumpofusha anayekuja. Balbu ya kawaida ya H4 (yenye taa ya juu na ya chini ndani ya balbu moja), wati 60/55, inatosha ikipata umeme wake wote.

Kwa hiyo pima kwanza. Washa injini na taa, gusisha mita ya volti kwenye betri: utapata takriban volti 14. Kisha pima nyuma ya plagi ya taa, ikiwa imechomekwa. Ukikuta 12, volti 2 zimeishia njiani, kwenye swichi iliyochoka, waya mwembamba na athi (muungano wa umeme na chuma cha gari) yenye kutu. Upungufu wa asilimia 10 ya volti hula karibu asilimia 30 ya mwanga.

Dawa yake ni rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) 2 za ampea 30, moja ya dimu (taa ya chini) na moja ya fulu (taa ya juu), fyuzi 2 za ampea 15, waya wa milimita 2.5 za mraba na plagi 2 mpya za H4. Chomoa negativu ya betri kabla ya kukata chochote. Kutoka positivu ya betri, pita kwenye fyuzi, ingia mguu wenye namba 30 wa rilei, kila rilei na fyuzi yake. Fyuzi ikae jirani kabisa na betri, maana kipande cha waya kilicho kabla yake hakina kinga. Kikichubuka kwenye bodi, kinawaka moto. Mguu wa 87 wa kila rilei uende kwenye balbu zote mbili, kwenye tundu la dimu au la fulu. Athi za balbu zipate waya mpya hadi kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.

Miguu ya 85 na 86 hupokea amri kutoka plagi ya zamani ya taa moja, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Magari mengi ya Kijapani huwasha taa kwa kukata na kuunga negativu, si positivu. Chomoa plagi zote mbili, washa taa, jaribu kila tundu kwa taa ya majaribio iliyofungwa kwenye bodi. Umeme ukihama tundu unapobadili dimu na fulu, 85 za rilei zote mbili ziende athi na 86 ya kila rilei ipokee umeme wa tundu lake. Ukibaki tundu lile lile, hilo liunge na 86 za rilei zote mbili, kisha 85 ya kila rilei iende tundu lake la dimu au fulu.

Kioo cha balbu usikiguse kwa vidole. Mafuta ya ngozi hukipasua kikipata moto. Kioo cha taa cha plastiki kilichofifia kisugue kwa msasa wa maji namba 1000, 2000, kisha 3000, upake klia ya kuzuia jua, la sivyo kitarudi njano.

Mwisho, simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, sakafu sawa, upepo wa matairi sawa. Ukingo wa juu wa mwanga wa dimu ukutani uwe sentimita 10 chini ya kimo cha balbu na uinuke kidogo kushoto. Ukipanda kulia, taa hizo ni za nchi wanakoendesha kulia, zibadilishe nzima.