Unawaza upolisi? Usichore tatuu

Wadogo zangu wa Newala na Masasi, matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi yamekuwa yakisema wazi: mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini. Kwenye usaili unakaguliwa, na hata herufi moja ya jina la mchumba, ndogo kama punje ya mtama, itaonekana. Nembo za usoni za bibi zetu wa Kimakonde naziheshimu mno, ila kama unataka gwanda, zichonge kwenye mpingo.

Umeshachora? Tafadhali usijiunguze kwa pasi wala maji ya betri. Utapata kidonda kibaya, halafu kovu. Kufuta kwa leza huhitaji vipindi kadhaa vinavyopishana kwa wiki nyingi, kwa hiyo usingoje tangazo litoke. Na kama una chale za tiba za utotoni, mweleze ukweli daktari anayekukagua.