Shingo imevimba mafuta lakini mwili mwembamba: jinsi ya kuupima na kuuopereti ugonjwa wa Madelung

Unamkuta mtu mikono myembamba, miguu ya kawaida, ila shingo na mabega yamejaa kama kavaa kola ya sponji. Watu wanamwambia apunguze kula, anajinyima mpaka mbavu zinahesabika na shingo iko palepale. Hapo achana na habari za unene, fikiria ugonjwa wa Madelung, yaani mafuta kujaa shingoni na mabegani, jina la yule daktari Mjerumani alieandika kuhusu wagonjwa 33 mwaka 1888. Huwapata zaidi wanaume wa miaka 30 hadi 60, wengi wanywaji wa muda mrefu, ingawa wapo wasiokunywa kabisa, so usimuite kila mgonjwa mlevi.

Kwanza avue shati. Angalia kama mafuta yako sawa pande zote mbili, kisogoni, chini ya kidevu, mabegani. Muulize anakoroma? anakabwa usingizini? anameza vizuri? miguu ina ganzi? maana neva nazo huguswa sana. Damu ipimwe sukari, mafuta, ini, asidi ya yuriki, na homoni ya kotisoli pia, kwa sababu nundu ya kisogoni huja hata kwa Cushing (ugonjwa wa kotisoli kuzidi mwilini) au kwa mtu aliyetumia dawa za steroidi muda mrefu. Halafu picha ya CT au MRI, hii usiiruke kabisa, ndo itakuonyesha mafuta yamezama mpaka wapi na kama yamebana njia ya hewa. Bonge likiwa gumu au likikua haraka upande mmoja, kata kinyama kipimwe, kansa ya mafuta ipo.

Sasa kisu. Lipoma ya kawaida, yaani uvimbe wa mafuta usio kansa, ina ganda lake, ukiichana ngozi unaikamua inatoka nzima. Hii haina ganda, imejipenyeza kwenye misuli, mishipa ya damu na neva, ndo maana kuitoa yote mara moja ni hatari na wengi hufanyiwa kwa awamu. Kuikata wazi kunafaa mafuta yakiwa mengi na ya ndani ya shingo, kuyanyonya kwa mrija kunaacha kovu dogo ila mafuta yenye nyuzinyuzi hayanyonyeki vizuri. Daktari wa usingizi aambiwe mapema, shingo kama hiyo kupitisha mpira wa hewa ni kazi kwelikweli. Baada ya opereshen huachwa mirija ya kutoa damu na maji, na bandeji ya kubana.

Kabla hajasaini fomu aambiwe wazi kwamba mafuta hurudi mara nyingi, hasa akiendelea na pombe, na kuacha pombe peke yake hakuyayeyushi yaliyopo.