Kabla ya Kuileta Neodimi Darasani: Mambo ya Kuzingatia kwa Walimu wa Mombasa

Mwalimu wa kemia akitaka kuwaonyesha wanafunzi metali ya kundi la madini adimu, huuliza kwanza itapatikana wapi na kwa bei gani. Ningemwomba aanze na atomu yenyewe. Tahadhari karibu zote za neodimi, kuanzia chupa ya kuihifadhia hadi mwanga wa darasa, zinatokana na jinsi elektroni zake zilivyojipanga.

Atomu ya neodimi ina protoni 60, na elektroni zake 60 zimekaa hivi: 2, 8, 18, 22, 8, 2. Mwanafunzi aliyezoea sodiamu na kalsiamu atauliza hiyo 22 imetoka wapi. Usimpite haraka. Elektroni 4 kati ya hizo zimo katika ngazi ya 4f, yaani sehemu mojawapo ya tabaka la nne, ambayo imefunikwa na elektroni za tabaka la tano na la sita. Ni kama nyumba ya Mji wa Kale: mgeni huishia dakani au sebuleni, na wenyewe wako ndani. Atomu nyingine zikija kuungana na neodimi hukutana na zile za nje tu. Ndiyo maana metali zote kuanzia lanthani hadi luteti zinafanana tabia, na kuzitenganisha ni shughuli pevu. Kwa zaidi ya miaka 40 wanakemia waliamini kwamba didimi ni elementi moja, mpaka Carl Auer von Welsbach alipoigawa huko Vienna mwaka 1885 akapata neodimi na praseodimi.

Hizo za nje huachiliwa kwa urahisi. Neodimi hutoa elektroni 3, ikaungana na oksijeni, na oksidi yake haishiki juu ya metali kama ile ya alumini. Hubanduka, metali mpya ikabaki wazi, nayo ikaliwa. Sote tunajua hewa ya Pwani inavyoyafanya mabati, na neodimi haina ustahimilivu wa bati. Kwa hiyo kabla sampuli haijafika, weka tayari chupa yenye kifuniko kinachokaza na mafuta ya parafini safi yasiyo na maji, ya kutosha kuifunika yote. Uitoe kwa koleo kavu, wanafunzi waione rangi yake ya fedha yenye umanjano kidogo, kisha uirudishe. Mkono wenye jasho usiiguse.

Usikubali kabisa mtu aikwangue au aipige tupa ili ing'ae. Unga wake hushika moto, na moto huo hauzimwi kwa maji, kwa sababu neodimi ikikutana na maji hutoa hidrojeni. Andaa mchanga mkavu. Ule wa ufuoni una chumvi inayovuta unyevu, basi uoshe kwa maji baridi, uukaange mpaka ukauke kabisa, uache upoe, kisha ufunge ndani ya mkebe.

Wengi wataamua kuleta sumaku badala ya metali tupu, na ni uamuzi mzuri: fundi yeyote wa spika au kompyuta anazo katika vyuma chakavu vyake. Waambie wanafunzi mapema kwamba neodimi peke yake, katika joto la kawaida, si sumaku ya kudumu. Nguvu ile hutokea inapoungana na chuma na boroni, Nd₂Fe₁₄B, aloi iliyotambulika mwanzoni mwa miaka ya 1980 Japani na Marekani. Kagua kila kipande. Ganda la nikeli likiwa na ufa, hewa ya chumvi huingia na sumaku huanza kumomonyoka. Usizitoboe wala usizitie motoni. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo akae mbali. Zihesabu kabla na baada ya somo, maana mtoto akimeza mbili zinaweza kuvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Hilo likitokea ni hospitali moja kwa moja, bila kusubiri dalili.

Ukibahatika kupata kioo chenye neodimi, panga somo karibu na dirisha. Kwenye jua kioo hicho ni zambarau hafifu. Chini ya taa ndefu za darasani, zile za fluoresenti, hugeuka samawati. Zile elektroni za 4f hufyonza sehemu nyembamba ya mwanga wa manjano, kwa hiyo rangi hubadilika taa ikibadilika. Kwangu mimi hakuna onyesho linaloishinda hili.

Kuna atakayependekeza mawe ya Kilima cha Mrima, kule Kwale, kwa kuwa yana madini adimu. Usiyachukue. Mwamba ule una thori, yenye mnururisho, na msitu wake ni kaya, msitu mtakatifu wa Wamijikenda. Picha na ramani zinatosha.