Anza na kidole cha pete: jinsi ya kuusoma mfumo wa neva kwenye mwili wako

Wanafunzi wa fiziotherapia wanaokuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo hapa Nairobi huwa wamekariri majina. Jozi 12 za neva za kichwani, jozi 31 za neva za mgongoni, wanazitaja bila kusita. Kisha anaingia mama muuza mboga kutoka Kawangware na kusema, "Daktari, mkono unakufa ganzi usiku," nao wananyamaza. Majina wanayo, njia hawaijui. Mwongozo huu unafuata njia. Tafuta kalamu ya wino, pamba kidogo, meza imara, tochi ya simu na mwenzako aliye tayari kuchorwa.

Kabla ya kuanza, tuelewane kuhusu maneno mawili. Wagonjwa wetu wengi wakisema "mshipa" huenda wanamaanisha mshipa wa damu, neva, au hata kano. Usimsahihishe mgonjwa, mwombe akuonyeshe kwa kidole. Pili, uti wa mgongo ni mifupa. Kile kinachoshuka kutoka kwenye ubongo na kupita ndani ya mifupa hiyo nitakiita ugwe.

Hatua ya 1: Tafuta ugwe unapoishia

Ubongo na ugwe ndio mfumo wa kati, nao umefungiwa ndani ya mfupa. Neva zote zinazotoka humo kwenda kwenye ngozi, misuli na viungo vya ndani ndizo mfumo wa pembeni.

Mwenzako aketi na kuinamisha kichwa. Pitisha kidole nyuma ya shingo hadi kwenye nundu iliyojitokeza kuliko zote. Mara nyingi hiyo ni pingili ya 7 ya shingo. Weka alama. Sasa shika nyonga zake kwa juu, pande zote mbili, gumba zako zikutane katikati ya mgongo. Hapo uko karibu na pingili ya 4 ya kiuno. Hesabu pingili mbili au tatu kwenda juu, weka alama ya pili.

Ugwe wa mtu mzima huishia hapo kwenye alama ya pili. Urefu wake ni kama sentimita 45 tu. Mtoto anapokua, mifupa ya mgongo hurefuka kuliko ugwe, kwa hiyo neva za miguu na za kibofu hulazimika kushuka ndani ya mfereji kabla ya kupata tundu la kutokea. Fungu hilo la neva huitwa mkia wa farasi. Ndiyo maana daktari anayetoa maji ya mgongoni ili kupima homa ya uti wa mgongo huingiza sindano chini ya alama yako ya pili, ambako hakuna ugwe wa kujeruhi. Na ndiyo maana mtu mwenye maumivu ya kiuno, akianza kufa ganzi pale makalio yanapogusa kiti cha pikipiki, au akishindwa kukojoa, hapelekwi kukandwa. Anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Chora mkono

Hapa usiharakishe. Geuza kiganja chako kitazame juu. Chora mstari unaokipasua kidole cha pete katikati, kutoka ncha hadi kwenye kifundo cha mkono. Upande wa kidole cha mwisho ni eneo la neva ya alna. Upande wa gumba ni eneo la neva ya mediani. Geuza mkono: sehemu kubwa ya mgongo wake, upande wa gumba, ni ya neva ya radiali.

Sasa ifuate alna hadi kwenye kiwiko. Upande wa ndani, nyuma ya kifupa kilichochomoza, kuna mfereji. Bonyeza taratibu mpaka uhisi kitu kama uzi kikiteleza chini ya kidole. Ukigonga hapo, shoti inaruka hadi kidole cha mwisho. Umegusa kiwiko, lakini umehisi kidoleni, kwa sababu ubongo huichukulia taarifa yoyote inayokuja kwa uzi ule kana kwamba imetoka kwenye ncha yake. Abiria anayeegemeza kiwiko kwenye dirisha la matatu tangu Rongai hadi mjini, kukiwa na foleni, anashuka akikunjakunja vidole viwili. Vidole vyake havina kosa.

Turudi kwa yule mama. Nilimuuliza anafanya nini ganzi inapomwamsha. Akakung'uta mkono kama mtu anayeondoa maji. Nikachukua pamba, nikapitisha kwenye kidole chake cha pete, kwanza upande unaotazama kidole cha kati, kisha upande wa pili. "Huku ni kama nimevaa glavu," akasema. "Huku ni sawa." Kidole kimoja, hisia mbili.

Mzizi wa neva, yaani pale neva inapoungana na ugwe, ukiumia shingoni kwa kawaida haugawi kidole namna hiyo. Ni neva ya mediani, na mahali inapobanwa mara nyingi zaidi ni kwenye kifundo cha mkono, inapopita katika njia nyembamba pamoja na kano 9 za vidole. Mama huyu hukata sukuma wiki tangu asubuhi hadi jioni. Nilimfunga kibao chepesi cha kulala nacho, kifundo kisijikunje usiku, na tukakubaliana binti yake ashike kisu kwa wiki chache.

Nilijifunza umuhimu wa pamba kwa njia chungu. Miaka yangu ya mwanzo nilimtibu dereva mmoja kiwiko kwa wiki sita. Kidole chake cha mwisho na cha pete vilikuwa na ganzi, nami nikasema ni alna, basi. Sikupitisha pamba juu ya kifundo. Ningefanya hivyo, ningegundua ganzi inapanda hadi ndani ya kigasha, na kwamba kidole cha pete kimekufa ganzi pande zote mbili. Ngozi ya alna huishia karibu na kifundo. Ganzi ikipanda zaidi, tazama shingoni, kwenye mzizi wa 8. Muda alioupoteza yule dereva bado unaniuma.

Hatua ya 3: Gonga goti

Mwenzako aketi juu ya meza, miguu ining'inie. Papasa chini ya pia ya goti, utapata kano ngumu. Igonge kwa ukingo wa kiganja. Mguu unaruka.

Msuli wa paja ulinyooshwa ghafla, taarifa ikaingia kwenye ugwe kupitia mzizi wa nyuma, jibu likatoka kupitia mzizi wa mbele, kati ya mizizi ya 2 na ya 4 ya kiuno. Nyuma huingia, mbele hutoka, na ni hivyo kwenye ugwe wote. Ubongo hupata habari mguu ukiwa umeshaanza kuruka. Kama hauruki, mwambie anasishe vidole vya mkono mmoja kwenye vya mwingine na kuvuta kila mkono upande wake kwa nguvu, kisha gonga tena. Goti moja likilegea kuliko lingine, shuku njia ya chini: mzizi au neva. Likiruka kupita kiasi, shuku huko juu, kwenye ugwe au ubongo, maana kazi mojawapo ya ubongo ni kulizuia jibu hilo.

Hatua ya 4: Vuka upande

Ubongo una uzito wa kama kilo 1.4 na niuroni, yaani seli za neva, zipatazo bilioni 86. Kwa leo shika jambo moja: nyuzi nyingi za mwendo huvuka upande kwenye sehemu ya chini ya shina la ubongo, kwa hiyo kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo hudhoofisha mkono wa kushoto. Nyuzi za maumivu na joto huvukia mapema, ndani ya ugwe, karibu na zilipoingilia. Mwambie mwenzako atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme sentensi nzima. Siku utakayoona mdomo umepinda ghafla au mkono mmoja unashuka, piga 999 au 112 papo hapo. Usimwambie alale kwanza.

Hatua ya 5: Tochi

Mulika jicho moja kutoka pembeni, utazame mboni ya jicho la pili. Nayo inasinyaa. Mwanga uliingia kwa neva ya 2 ya kichwani na amri ikatoka kwa neva ya 3, pande zote mbili. Hakuna anayeweza kuizuia kwa kutaka: huu ni mfumo wa neva unaojiendesha, ule unaosimamia pia moyo, jasho na tumbo.

Usifute wino bado. Rudia hatua ya 2 kwa watu watano, wakiwa wamefumba macho, na uandike kila mmoja mpaka wake uko wapi kwenye kidole cha pete. Kwa mmoja au wawili utakuta umesogea kidogo.